Ile 1.5 Kwenye Mshahara Ilitoka Wapi?

Leo sizungumzii simu mpya wala programu mpya. Nataka niwasimulie historia ya nambari moja ndogo, 1.5, ambayo nimeiandika mara nyingi kwenye programu za mishahara bila kujiuliza ilikotoka. Nilianza kujiuliza siku programu yangu ilipomnyima mzee mmoja haki yake.

Ilikuwa hivi. Nilipata kazi ya kutengeneza programu ya mishahara kwa ghala moja huko Mombasa (jina nitalihifadhi). Karani alikuwa anachukua kitabu cha zamu kinachokaa langoni, anaingiza saa ya mtu kufika na saa ya kuondoka, kisha tarakilishi inapiga hesabu. Niliijaribu kwa zamu za mchana, ikaenda sawa. Nikaikabidhi, nikalipwa, nikarudi Nairobi nikijiona bingwa.

Mwisho wa mwezi simu ikalia. Hati ya mshahara ya bawabu wa usiku ilikuwa imetoka na saa za kazi sufuri. Sufuri! Nikapanda basi tena hadi Mombasa. Nilimkuta mzee amekaa langoni, hati yake ameikunja vizuri mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe mwenye ile mashine? Inasema mwezi mzima nililala nyumbani."

Nilifungua kitabu cha zamu. Kila usiku mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake: 12 - 12. Saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kama sisi Waswahili tunavyohesabu. Karani akaingiza kama ilivyoandikwa, na programu yangu ikatoa kumi na mbili kwenye kumi na mbili. Jibu unalijua. Na hata karani angebadilisha akaandika 18:00 na 06:00, mambo yangekuwa mabaya zaidi, maana sita ukitoa kumi na nane ni hasi kumi na mbili. Programu yangu ingemdai mzee saa kumi na mbili kila usiku aliolinda mali ya watu!

Hitilafu hiyo ilinichukua muda mfupi kurekebisha. Saa ya kutoka ikiwa ndogo kuliko ya kuingia, ongeza 24, na karani alazimike kuchagua asubuhi au jioni. Lakini swali lililofuata lilinishinda. Mzee anafanya usiku sita kwa wiki, saa 12 kila usiku. Hizo ni saa 72. Zipi ni za kawaida, na zipi ni za ziada? Meneja akaniambia, "Wewe weka mara 1.5 tu, ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo? Kwa nini si 1.2? Kwa nini si 2? Na usiku una bei gani? Nikaanza kusoma.

Kabla ya kulipia saa, lazima uweze kuzihesabu. Hapa ndipo sisi watu wa tarakilishi tunaingia kwenye hadithi mapema kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1880, sonara mmoja wa jimbo la New York aitwaye Willard Bundy alibuni saa ya kurekodi wafanyakazi. Kila mtu alikuwa na ufunguo wake wenye nambari. Akifika kazini anauingiza kwenye saa, na saa inachapa nambari yake na wakati. Kampuni ya Bundy ilianzishwa mwaka 1889. Baadaye biashara hiyo ikaingia katika kampuni nyingine ya saa za kazi, na mwaka 1911 kampuni hiyo ikaunganishwa na ile ya Herman Hollerith, yule wa mashine za kadi zilizohesabu sensa ya Marekani ya 1890, pamoja na kampuni ya mizani. Mwaka 1924 muungano huo ulibadilisha jina ukajiita IBM.

Ndiyo, IBM hiyo hiyo. Waliendelea kutengeneza saa za langoni hadi mwaka 1958 walipoiuza biashara hiyo. Kwa hiyo mmoja wa mababu wa tarakilishi za ofisini ni ile saa ya kumwambia bosi nani amechelewa.

Lakini saa ya langoni inahesabu tu, haipangi bei. Bei ilipangwa na watu, na haikupangwa kwa upole.

Chukua viwanda vya chuma vya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Tanuri la chuma halizimwi usiku kama jiko la mkaa. Linawaka saa 168 kwa wiki. Viwanda vingi viliendesha tanuri hilo kwa makundi mawili tu ya watu, saa 12 mchana na saa 12 usiku. Piga hesabu: 168 ukigawa kwa mbili ni saa 84 kwa wiki. Halafu kila baada ya wiki mbili makundi yalibadilishana, wa mchana waende usiku na wa usiku waje mchana. Unafikiri walibadilishana vipi bila tanuri kusimama? Kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama ya kubadilisha zamu, na aliyeilipa ni mfanyakazi kwa mwili wake. Utaratibu huo wa saa 12 ulianza kuondolewa mwaka 1923, baada ya mgomo mkubwa wa 1919 uliovunjwa na baada ya rais wa Marekani wa wakati huo, Warren Harding, kuwashinikiza wenye viwanda.

Ukiongeza kundi la tatu, kila mtu anapata saa 56 kwa wiki. Ukiongeza la nne, saa 42. Hesabu hii ya kugawanya 168 ni rahisi, hata mtoto wa shule anaiweza. Ugumu wake ni kwamba kila kundi unaloongeza linahitaji mishahara.

Wapo matajiri walioiona faida yake mapema. Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku na akapunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi nane. Wengi tunakumbuka zile dola 5 tu. Lakini saa nane zina jambo jingine: zinaingia mara tatu kamili katika siku. Kwa saa tisa, kiwanda cha Ford kiliendesha zamu mbili. Kwa saa nane, zikawa tatu, na mashine hazikupoa tena. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba saa nane zilitolewa kwa huruma, mwulize nani alikuwa kwenye ile zamu ya tatu.

Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilizaliwa, na mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu jambo hili hili. Saa 8 kwa siku, saa 48 kwa wiki viwandani. Nilipousoma kwa macho ya mwandishi wa programu nilishangaa. Waliandika pia utaratibu wa zamu: siku moja inaweza kuzidi saa nane, mradi wastani wa wiki tatu usizidi kiwango. Na kwa kazi zisizosimama, kama lile tanuri, kikomo ni wastani wa saa 56 kwa wiki. Umeiona ile 168 gawa kwa tatu? Wameiweka ndani ya mkataba.

Na saa za ziada? Mkataba ulisema zilipwe si chini ya mara moja na robo. Yaani 1.25. Kumbe 1.5 haikushuka kutoka mbinguni. Kuna wakati dunia ilikubaliana juu ya nambari nyingine.

Ile 1.5 ilipata nguvu kubwa ya kisheria Juni 1938, Rais Franklin Roosevelt alipotia saini sheria ya viwango vya kazi ya Marekani. Sheria hiyo iliweka wiki ya saa 44, ikashuka hadi 42, na kuanzia Oktoba 1940 ikawa 40. Ukizidi hapo, mara moja na nusu. Ni wakati ule Marekani ilikuwa bado na mamilioni ya watu wasio na kazi, na hapa ndipo nilipoielewa nambari yenyewe. Mimi nilidhani 1.5 ni asante kwa mfanyakazi aliyejitahidi. La. Ni breki. Mwajiri akitaka mtu mmoja afanye saa 60, zile 20 za mwisho zinakuwa ghali, hadi aone heri aajiri mtu wa pili. Faini hiyo analipa mwajiri, ila pesa inapita mfukoni mwa mfanyakazi. Ukisikia mtu analalamika kwamba ovataimu ni ghali, ujue imetengenezwa iwe ghali.

Angalia pia walioachwa nje. Sheria ya 1938 haikuwagusa wafanyakazi wa mashambani wala wa majumbani. Na haikusema lolote juu ya malipo ya usiku. Saa ya saa nane mchana na saa ya saa nane usiku zilikuwa sawa machoni pake. Nyongeza ya zamu ya usiku iliachwa kwa makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi.

Pengo hilo lilifika mahakamani kupitia wapakuaji wa meli wa bandari ya New York. Mkataba wa chama chao ulisema saa za mchana siku za kazi zina kiwango cha kawaida, na saa nyingine zote, pamoja na usiku, zinalipwa mara moja na nusu. Wapo waliofanya usiku tu. Wakasema: kwetu usiku ndio mchana wetu, kwa hiyo kiwango hicho cha juu ndicho mshahara wetu wa kawaida. Tukizidi saa 40, tuongezwe nusu juu ya hapo. Kwa mfano, kama mchana ni dola 2 na usiku ni 3, basi saa ya 41 ya mtu wa usiku iwe dola 4.50. Waajiri wakasema hiyo ni ovataimu juu ya ovataimu.

Juni 1948 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikawaunga mkono wapakuaji. Nyongeza ya usiku, ilisema, ni malipo ya ugumu wa zamu, si malipo ya kuzidisha saa. Ni vitu viwili tofauti. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria kuwaokoa waajiri katika mikataba ya aina hiyo. Lakini tofauti yenyewe imebaki hadi leo: kuna pesa ya kufanya kazi wakati mbaya, na kuna pesa ya kufanya kazi muda mrefu. Programu nyingi za mishahara nilizoziona zinavichanganya vitu hivi viwili kwenye safu moja.

Wakati wapakuaji wa New York wakiwa kortini, wenzao wa Mombasa walikuwa na vita vyao. Januari 1947 wafanyakazi karibu 15,000 wa Mombasa waligoma, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na hata wa majumbani. Mji ulisimama kwa siku kumi na mbili hivi. Hao hawakuwa wakibishana kuhusu saa ya 41. Wengi wa bandarini walikuwa vibarua wa siku: leo una kazi, kesho huna, na mshahara haukutosha kodi ya chumba. Kutokana na mgomo huo kikazaliwa chama cha African Workers Federation chini ya Chege Kibachia, na serikali ikalazimika kuunda baraza la usuluhishi likiongozwa na Jaji Thacker. Baadhi ya mishahara ikapanda. Kibachia mwenyewe alikamatwa Agosti mwaka huo huo akapelekwa kizuizini Kabarnet.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kudhibiti mishahara na masharti ya kazi. Baada ya uhuru sheria hiyo iliendelea kutumika, na chini yake ikatoka amri ya jumla ya mishahara ya 1982, ambayo sheria mpya za kazi za 2007 hazikuifuta. Ndiyo niliyoisoma usiku ule nikiwa kwenye gesti ya Mombasa, feni ikipiga kelele juu yangu. Sekta nyingine zina amri zao, lakini hii ya jumla inasema hivi: wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Saa za ziada ni mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Na ili kupata bei ya saa moja, unagawanya mshahara wa mwezi kwa 225.

Hiyo 225 ilinisumbua hadi nikachukua kalamu. Saa 52 mara wiki 52, gawa kwa miezi 12. Jibu ni 225 na kitu kidogo. Wiki ya kazi imejificha ndani ya kigawanyo!

Na mtu wa usiku je? Hapa nikakaa kitako. Amri hiyo inasema wiki yake ya kawaida inaweza kufika saa 60. Yaani usiku tano za saa 12. Tena inaweka kikomo cha saa zote kwa wiki mbili, za kawaida na za ziada pamoja: 116 kwa wengine, na 144 kwa mtu wa usiku. Gawa 144 kwa 12 utapata usiku 12, sita kila wiki. Ni ratiba ya mzee wangu, saa kwa saa. Kila mahali nilikosoma, watu walipigana ili usiku uthaminiwe zaidi ya mchana. Katika amri hii, usiku umepewa saa nyingi zaidi kabla ovataimu haijaanza.

Nilipata jibu la swali langu. Katika zile saa 72 za mzee, 60 ni za kawaida na 12 ni za ziada. Saa 12 mara 1.5 ni malipo ya saa 18 kila wiki. Ile sufuri yangu ilikuwa imemeza zote.

Sasa turudi kwenye tarakilishi. Mojawapo ya kazi za kwanza za kibiashara ambazo tarakilishi iliwahi kufanya ni hii hii ya mishahara. Kampuni ya Lyons ya Uingereza, iliyojulikana kwa mikahawa ya chai, ilijenga tarakilishi yake ikaiita LEO. Kuanzia mwisho wa 1953 na mwanzo wa 1954 ikaanza kupiga mishahara ya wafanyakazi. Kazi iliyomchukua karani mzoefu dakika nane kwa mtu mmoja, LEO iliifanya kwa sekunde moja na nusu. Mwaka huo huo wa 1954, kiwanda cha General Electric huko Louisville, Marekani, kikaanza kutumia UNIVAC kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo wenzetu wa mwanzo kabisa walikaa wakaandika maagizo ya saa za zamu na saa za ziada, kama mimi.

Je, waandishi wa programu wenyewe wanalipwa hiyo 1.5? Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha kwamba wataalamu wa tarakilishi wanaolipwa kwa saa wanaweza kuondolewa kwenye haki ya ovataimu, mradi wanalipwa angalau mara 6.5 ya kima cha chini cha mshahara. Mwaka 1996 kiwango hicho kikaandikwa kwa dola kamili: 27.63, ambayo ni 6.5 mara 4.25, kima cha chini cha wakati ule. Kima cha chini kikapanda baadaye, lakini 27.63 imebaki pale pale. Kila mwandishi wa programu anaijua hatari ya nambari ya kudumu iliyosahauliwa ndani ya msimbo. Hii imesahauliwa ndani ya sheria.

Novemba 2004 barua isiyo na jina ilisambaa kwenye mtandao, imeandikwa na mchumba wa mfanyakazi wa kampuni ya michezo ya tarakilishi, Electronic Arts. Alieleza saa zisizo na mwisho bila malipo ya ziada. Baadaye alijitambulisha, Erin Hoffman. Kesi za wafanyakazi zilimalizika kwa makubaliano: dola milioni 15.6 kwa wachoraji mwaka 2005, na milioni 14.9 kwa waandishi wa programu mwaka 2006.

Basi nilichojifunza ni hiki. Hesabu ya mshahara inaonekana ni hesabu tu, lakini kila nambari ndani yake ni makubaliano ya watu, na mengine yalifikiwa baada ya mgomo. Anayeandika programu ndiye wa mwisho kuyagusa kabla hayajafika mfukoni mwa mtu. Akiyaandika vibaya, mgomo wa miaka mingi unafutwa na mstari mmoja, tena bila kelele. Siku hizi, kabla sijaandika chochote cha mishahara, naomba kwanza kitabu cha zamu chenyewe, nikae na anayekijaza. Sichukui neno la meneja peke yake.

Mzee alilipwa malimbikizo yake wiki iliyofuata. Nilimpelekea hati mpya mwenyewe, tukaisoma pamoja mstari kwa mstari chini ya taa ya langoni. Aliporidhika akaikunja, akanitazama.

"Na wewe mwanangu, mashine zikiharibika usiku wakakuita, wanakulipa mara ngapi?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Mkataba wangu wa kazi unasema mshahara wangu ni wa saa zozote zitakazohitajika.

Haya wasomaji wangu, tukutane makala ijayo. Na wewe unayefanya zamu ya usiku, iwe ni langoni, hospitalini au mbele ya tarakilishi, itoe hati yako ya mshahara leo uipigie hesabu mwenyewe kwa kalamu. Usituamini sana sisi.